Butembo na Beni: walimu vijana wanakabidhiwa shule, lakini nani anawalea?

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika shule nyingi za msingi za Butembo na Beni, mwalimu mgeni hapati hata hizo siku mbili. Jumatatu ya kwanza ya Septemba anaingia darasani na diploma ya serikali aliyoipata mwaka huo huo. Anapewa chaki, jurnali ya darasa na watoto sitini, wakati mwingine themanini. Miaka mitatu au minne baadaye, pengine kabla hajafikisha umri wa miaka 25, anaitwa ofisini. Direkta ameugua, au amehama, au shule imegawanywa ili kupokea watoto wa wakimbizi wa ndani. Anaambiwa: shika shule kwa muda. Huo «muda» unaweza kuwa miaka.

Huyu si mtu mmoja mwenye jina. Ni njia ambayo walimu wengi wa eneo hili wamepitia. Hakuna aliyewafundisha namna ya kuongoza, na siku walipopewa ufunguo wa biro walijikuta wakisimamia watu wazima, pesa, watoto na usalama kwa pamoja.

Hapa ndipo swali la ulezi wa kikazi linapoingia: mwalimu mwenye uzoefu kutembea na mwalimu kijana hatua kwa hatua, tangu siku zake za kwanza darasani hadi siku anapoweza kushika shule. Watu wengi wanaliona jambo hili kama pambo la miradi ya mashirika, kitu cha kufanya kama pesa zimebaki. Hali ya Butembo na Beni inaonyesha kinyume chake. Mahali ambapo vita, maradhi na uhamaji vinaondoa viongozi wa shule bila kutoa taarifa, shule isiyoandaa viongozi wake wa kesho inajiandalia kufungwa.

Watoto waliongezeka, walezi walipungua

Katiba ya 18 Februari 2006, katika kifungu cha 43, inasema kwamba elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure. Maneno hayo yalikaa kwenye karatasi kwa zaidi ya miaka kumi, hadi Septemba 2019, Rais Félix Tshisekedi alipoamuru yatekelezwe. Watoto waliokuwa nyumbani kwa kukosa primi ya mwalimu walirudi shuleni kwa mamilioni nchini kote. Hilo ni jambo jema, na wazazi wa hapa hawataki kurudi nyuma.

Lakini watoto hao walihitaji walimu. Shule zilifungua madarasa mapya, na madarasa mapya yakaajiri vijana wapya. Wengi wao waliingia kazini bila kuwemo kwenye orodha ya malipo ya serikali. Ndio wale tunaowaita NP, walimu wasiolipwa, na wale wa N.U., waliowekwa kwenye orodha lakini wakangojea mshahara miaka na miaka. Walimu wenye uzoefu wakabaki wale wale, nao wakawa na wadogo wengi zaidi wa kuwaongoza kuliko zamani.

Wakati huo huo, eneo letu halikupata nafasi ya kupumua. Mauaji yanayohusishwa na waasi wa ADF yalianza kuenea katika wilaya ya Beni kuanzia Oktoba 2014, na kufikia 2024 yalikuwa yameingia wilaya ya Lubero. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Mangina, ikaenda Beni, Butembo na Katwa, na hadi ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imeua watu zaidi ya 2,200. Kisha vita vya M23 vikashuka kusini mwa Lubero. Kanyabayonga ilianguka mwishoni mwa Juni 2024, na Goma mwishoni mwa Januari 2025. Serikali ya jimbo ikahamia Beni, na familia zikahama na watoto wao.

Kila mara hayo yanapotokea, shule inapoteza watu. Shule ya kijijini inahamia mjini ikiwa na nusu ya walimu wake, inaomba nafasi kwenye shule nyingine, na watoto wanasoma kwa zamu, hawa asubuhi, wale mchana. Direkta aliyezoea shule ya madarasa sita anajikuta na shule mbili ndani ya parseli moja. Mwalimu mzee ambaye angekaa na kijana baada ya masomo hana tena dakika ya kukaa, kwa sababu darasa lenyewe linatakiwa na zamu ya mchana.

Mlezi yupo kwenye karatasi

Ukisoma taratibu za shule zetu, utadhani tatizo halipo. Direkta anatakiwa kuingia madarasani, kusikiliza somo na kuandika ripoti ya ziara. Walimu wa shule moja wana seli yao ya kupeana ujuzi, ambamo mmoja anatoa somo la mfano na wenzake wanalijadili. Juu yao kuna inspekta wa shule za msingi. Shule zinazoendeshwa na makanisa kwa makubaliano na serikali, ambazo ni nyingi sana hapa kwetu, zina pia washauri wa ofisi zao za elimu. Kwa hiyo kila mwalimu kijana ana angalau watu watatu wanaopaswa kumsindikiza.

Kwa kweli, watu hao watatu wamegeuka kuwa wakaguzi. Direkta wa shule ndogo ana darasa lake mwenyewe la kufundisha. Yule asiye na darasa anashinda kwenye karatasi: orodha ya walimu wanaolipwa, takwimu za watoto, mikutano ya sudivisheni, wazazi wanaolalamika. Inspekta ana shule nyingi, barabara mbaya, na pengine pikipiki isiyo na mafuta. Akifika, ana saa moja. Ndani ya saa hiyo anatazama fishi za matayarisho, jurnali ya darasa na daftari la mahudhurio. Ataandika kwamba matayarisho hayakukamilika, atapiga muhuri, ataondoka.

Ukaguzi una kazi yake, na shule bila ukaguzi huoza. Lakini kumlea mwalimu ni kazi nyingine. Tuchukue somo moja tu: kusoma, darasa la kwanza. Sheria ya elimu ya 11 Februari 2014 inataka lugha za taifa au za mahali zitumike kufundishia. Butembo mtoto anaongea Kinande nyumbani, anasikia Kiswahili sokoni na kanisani, na mzazi wake anataka Kifaransa haraka kwa sababu ya mtihani wa mwisho wa msingi, ENAFEP. Mwalimu kijana amesimama katikati ya lugha tatu mbele ya watoto sabini. Anaandika silabi ubaoni, watoto wanaimba kwa pamoja, darasa linasikika zuri sana hadi nje.

Mkaguzi atasema somo limeenda vizuri. Mlezi atakaa nyuma kabisa na kuhesabu watoto wangapi wamesoma peke yao. Atakuta ni watano, wale wale wa benchi la mbele. Hatamwambia kijana mbele ya watoto. Kesho yake atafundisha somo hilo yeye mwenyewe, kijana akikaa nyuma na kuhesabu. Siku ya tatu wataketi dakika ishirini na kuulizana: tumpangeje mtoto wa benchi la mwisho? Hapo mwalimu kijana amejifunza kufundisha kusoma, na bila kujua amejifunza pia namna ya kumsahihisha mtu mzima bila kumvunja heshima. Huo ujuzi wa pili ndio atakaouhitaji siku akiwa direkta.

Ngazi ina vidato

Kosa kubwa tunalolifanya ni kudhani kwamba uongozi unaanza na barua ya uteuzi. Mtu anayeongoza shule vizuri aliuanza uongozi zamani, kwa kazi ndogo alizopewa akiwa na mtu wa kumwangalia.

Kidato cha kwanza ni darasa lenyewe: kujua majina ya watoto, kujua nani hajafika siku tatu na kwa nini. Cha pili ni kuongoza kikao kimoja cha seli ya walimu, mlezi akiwa amekaa pembeni. Cha tatu ni kushika kazi moja ya shule nzima, kama daftari la kuandikisha watoto wakimbizi, au kuandaa darasa la sita kwa ENAFEP pamoja na mwenzake. Cha nne ni kusimama mbele ya kamati ya wazazi, COPA, na kueleza jambo gumu. Cha tano ni pesa: kuelewa fedha za uendeshaji zinazotoka serikalini, zikichelewa shule inafanya nini, na namna ya kuziandika ili hata baada ya miaka miwili mtu aweze kuzisoma. Aliyepanda vidato hivi kwa miaka minne, akiwa na mtu wa kumuuliza, akiteuliwa direkta hatatetemeka. Aliyerushwa moja kwa moja juu ataongoza kwa woga, na kiongozi mwenye woga huwa mkali kwa walimu na mnyonge kwa wakubwa.

Beni ina kidato cha sita ambacho vitabu vya shule havikitaji. Ni saa moja na nusu asubuhi, watoto wameanza kufika, na habari inazunguka kwamba watu wenye silaha wameonekana upande wa pili wa kijiji. Je, watoto warudishwe nyumbani, kwa barabara ile ile? Wabaki ndani? Nani anapigiwa simu kwanza, na nani anazungumza na wazazi waliojaa mlangoni? Viongozi wa shule wa Oicha, Eringeti, Mavivi na kando ya barabara ya Mbau–Kamango wamelijua swali hili kwa miaka. Waliobaki hai na kazini wana elimu ambayo hakuna chuo kinachoitoa. Elimu hiyo iko vichwani mwao. Wakihama au wakifa kabla ya kuipitisha kwa wadogo, direkta mpya ataianza upya, na darasa lake la majaribio litakuwa watoto wetu.

Tusisahau pia kwamba watoto wenyewe wanatazama. Aprili 2021, wanafunzi wa Beni walikaa siku kadhaa kwenye ofisi ya meya wakidai amani. Shule zilizopata utulivu baada ya siku hizo zilihitaji watu wazima waliojua kusikiliza hasira ya vijana bila kuizima kwa fimbo wala kuichochea. Hilo nalo ni jambo la kufundishwa na mtu aliyelipitia.

Wengine wamejaribu

Hatuanzi kutoka sifuri. Nchini kwetu, Katanga, shirika la International Rescue Committee liliendesha mwanzoni mwa miaka ya 2010 mradi uliowaweka walimu wa shule za msingi katika vikundi vya kujifunza pamoja, ndani ya shule zao, badala ya kuwaita mjini kwa semina. Watafiti wa Chuo Kikuu cha New York waliufuatilia. Matokeo yalikuwa ya mchanganyiko, na waliosema hivyo walikuwa wakweli. Lakini jambo moja linatuhusu moja kwa moja: ari ya kazi iliongezeka kwa walimu wenye miaka michache zaidi kazini. Hao ndio waliokuwa peke yao zaidi.

Kakuma, kaskazini mwa Kenya, kambi inayohifadhi pia Wakongomani wengi, walimu wengi wakimbizi walikuwa wamemaliza sekondari tu, kama walimu wetu wengi. Kuanzia 2016, Teachers College ya New York na washirika wake waliwapa mafunzo mafupi, wakawaunganisha walimu wa kambini ili wasindikizane wao kwa wao, na kuwaongezea walezi wa mbali kwa njia ya WhatsApp. Funzo la Kakuma kwetu ni kwamba mlezi si lazima awe mtu wa vyeo. Mwalimu wa miaka kumi anaweza kumlea wa mwaka mmoja, mradi wote wawili wamepewa nafasi na utaratibu.

Tanzania imekwenda mbali zaidi kwa kuliingiza jambo hili katika mfumo wa serikali. Mpango wao wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, unaojulikana kama MEWAKA, unawakutanisha walimu shuleni mwao katika jumuiya za ujifunzaji. Shule ndiyo mahali pa mafunzo, na mradi wa wafadhili ukiisha, shule inabaki.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Hapa kwetu mafunzo mengi ya walimu yamekuja kwa mradi. Gari linafika, walimu wanakusanywa siku tano hotelini, wanapewa nauli na cheti, na mradi ukifunga biro kila kitu kinafungwa nao. Mwaka 2025 tumepata somo la wazi. Januari Marekani ilisimamisha misaada yake, na kufikia Julai shirika lake la USAID, lililokuwa mmoja wa wafadhili wakubwa wa elimu Kongo, lilikuwa limefungwa. Ulezi unaotegemea nauli ya mradi unakufa siku nauli inapokoma.

Kwanza mshahara, watasema

Mwalimu anayesoma maneno haya atauliza swali la haki: unaniomba nimlee mwenzangu, na mimi analea nani watoto wangu? Septemba 2024 walimu wa mikoa kadhaa, Kivu Kaskazini ikiwemo, waligoma wakidai mshahara wa dola 500. Wengi walirudi darasani bila kupata walichokidai. Kijana wa NP, ambaye hajaona hata franga moja ya serikali, akiambiwa abaki saa nzima jioni kwa ajili ya «kukuzwa», ataona ni kazi nyingine ya bure. Mzee wa miaka thelathini kazini, ambaye bado anafundisha kwa sababu akistaafu malipo yake yatachelewa, ataona vivyo hivyo.

Wana haki. Ulezi hauwezi kuwa kisingizio cha kuahirisha mshahara, na yeyote anayeuuza kwa serikali kama njia ya bei rahisi ya kupata shule nzuri anawadanganya walimu. Waziri wa elimu Raïssa Malu, aliyeingia wizarani 2024, amerithi deni hili la walimu wasiolipwa, na hakuna mpango wa uongozi wa shule utakaosimama kama deni hilo halipungui.

Lakini tuangalie pia upande wa pili. Mwalimu kijana haondoki kwa sababu ya makuta tu. Ndiyo, taksi-moto inampa pesa za kila siku, kakao ya Beni ina bei, na biashara ya Butembo inameza vijana wenye akili. Wengine wanajiandikisha chuo kikuu, na wakipata cheti wanaikimbia shule ya msingi na kwenda sekondari, kwa sababu huko wanaona heshima. Ukimuuliza aliyeondoka, mara nyingi atataja pesa kwanza, kisha atakwambia habari ya pili: miaka miwili nilifundisha, hakuna mtu aliyewahi kuniambia kama nafanya vizuri. Mtu anaweza kuvumilia umaskini kwa muda kama anaona njia mbele yake. Umaskini pamoja na upweke ndio unaomtoa.

Kwa hiyo mshahara na ulezi havipaswi kusubiriana. Sandika zinaweza kuviweka katika dai moja: mwalimu mlezi atambuliwe, apunguziwe saa za darasa au apewe nyongeza ya kazi hiyo. Pendekezo la ILO na UNESCO la 1966 juu ya hadhi ya walimu, ambalo ndilo tunaloliadhimisha kila tarehe 5 Oktoba, linasema wazi kwamba kipindi cha kwanza cha mwalimu kazini kiwe wakati wa kumtia moyo na kumwingiza vizuri katika kazi. Kauli ya siku hiyo mwaka 2025 ilikuwa juu ya kuufanya ualimu kuwa kazi ya ushirikiano. Sherehe tumefanya. Dai lenyewe bado halijawekwa mezani.

Barua ya uteuzi inatoka wapi?

Kuna jambo ambalo walimu wanalisema kwa sauti ya chini. Tangu mkataba wa 26 Februari 1977, serikali na makanisa wanashirikiana kuendesha shule: serikali inalipa, kanisa linasimamia. Mkataba huo umeokoa shule nyingi nyakati ambapo serikali haikuonekana. Lakini uteuzi wa direkta, iwe katika shule za kanisa au za serikali, unazua maneno kila mwaka. Kwa nini yule, na si huyu? Ni dini yake, ukoo wake, au bahasha?

Mara nyingine maneno hayo ni wivu tu. Mara nyingine si wivu. Shida ni kwamba hakuna anayeweza kuthibitisha, kwa sababu hakuna kumbukumbu ya nani aliandaliwa, kwa kazi zipi, na alifanyaje. Ulezi ulioandikwa unaleta mwanga kidogo: huyu aliongoza seli miaka miwili, alishika daftari la wakimbizi, darasa lake la sita lilifanya ENAFEP hivi. Barua ikienda kwa mwingine, wazazi na walimu wana la kuuliza.

Faida hiyo ni kubwa hasa kwa walimu wanawake. Madarasa ya chini yamejaa akina mama na mabinti wanaofundisha kusoma, kazi ngumu kuliko zote, lakini kwenye kiti cha direkta ni wachache. Mara nyingi husemwa kwamba hawataki. Aliyeitwa kuongoza kikao mara moja, akasaidiwa, akaitwa tena, ndiye anayejua kama anataka.

Na tuonyane pia: ulezi unaweza kuharibika. Mlezi anaweza kugeuka bwana mkubwa anayemtuma kijana mambo ya nyumbani, au mwanaume anayetumia nafasi yake kumsumbua mwalimu binti. Dawa yake ni uwazi. Jozi zipangwe mbele ya walimu wote, wakutane shuleni saa za mchana, kijana awe na haki ya kuomba mlezi mwingine bila kueleza sana, na kila shule itafute walezi wanawake.

Yanayowezekana bila kungoja Kinshasa

Orodha ya mambo yanayongoja Kinshasa ni ndefu: kulipa NP, kustaafisha wazee kwa heshima, kutoa fedha za uendeshaji kwa wakati. Hayo lazima yaendelee kudaiwa. Lakini divisheni ya elimu ya Kivu Kaskazini 2, yenye makao Butembo, sudivisheni zake na ofisi za elimu za makanisa zina mamlaka ya kutosha kuanza matatu.

La kwanza ni saa moja kwa wiki. Iwekwe kwenye ratiba kama somo, isiguswe na kikao chochote, itumike kwa seli ya walimu na jozi za walezi. Ikiwa shule ina zamu mbili, saa hiyo iwe ile ambayo zamu zinapokezana, walimu wote wakiwa uwanjani.

La pili ni wazee. Penye wazee haliharibiki neno, lakini sisi tunawaachia wazee madarasa ya watoto themanini hadi wanaanguka. Mwalimu aliyebakiza miaka michache apunguziwe darasa na apewe vijana wawili au watatu wa kulea. Analolijua juu ya shule wakati wa Ebola, wakati wa kukimbia na wakati wa kurudi, halimo katika semina yoyote.

La tatu ni daftari. Si ripoti ndefu, maana karatasi tunazo za kutosha. Ukurasa mmoja kwa kila mwalimu kijana kwa mwaka: kazi alizopewa, nani alimsindikiza, amefika wapi. Nakala moja ibaki shuleni, moja iende kwa anayeteua. Shule ikihama kwa sababu ya vita, ukurasa huo unahama na mwalimu.

Hakuna lolote kati ya haya linalohitaji gari jipya wala hoteli. Yanahitaji direkta anayekubali kwamba mdogo wake akikua hamwondolei kiti, na wakubwa wanaokubali kumhesabia direkta huyo kazi ya kulea kama wanavyomhesabia takwimu za watoto.

Tumrudie kijana tuliyeanza naye, aliyeitwa ofisini na kuambiwa ashike shule kwa muda. Katika miji hii miwili ataendelea kuitwa, maana hali inamlazimu. Tunachoweza kubadilisha ni miaka mitatu au minne iliyotangulia siku hiyo. Kama kulikuwa na mtu aliyekaa nyuma ya darasa lake, akamwachia kikao kimoja, akamwonyesha daftari la pesa na kumweleza yeye alifanya nini asubuhi ile ya hatari, kijana ataupokea ufunguo akijua pa kuanzia na namba ya kupigia simu. Kama hakukuwa na mtu, ataupokea vile vile, na kesho asubuhi watoto watakuwa wamejipanga uwanjani wakimtazama yeye.